Dawa Zinazokamata Nyongo: Vipi Zinashusha Kolesteroli, Na Vipi Zitumike Ramadhwaan

AlhamduliLlaah. Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wana jamaa Muscat, Dubai na kwengineko, na ni nadra mgeni kurudi nyumbani bila ya dawa ndani ya begi. Baadhi ya dawa hizo ni za kolesteroli. Nyengine ni vidonge vya statini ambavyo wengi wameshavizoea, lakini nyengine ni unga uliomo katika pakiti ndogo ndogo au kopo, unaokorogwa kwenye maji au juisi. Unga huo hukabidhiwa bimkubwa nyumbani, au hutumwa kwa kijana aliyehamia bara kikazi, pengine hadi kijiji cha mbali kama Uchindile, kwenye milima ya Halmashauri ya Mlimba mkoani Morogoro, ambako reli ya TAZARA hupita baina ya Mlimba na Makambako.

Dawa hufika lakini maelezo yake hubaki nyuma. Jina la unga huo mara nyingi ni kolestiramini. Dada zake ni kolestipoli na kolesevelamu. Zote tatu ni dawa zinazokamata nyongo tumboni. Ni dawa nzuri na za miaka mingi, lakini zina tabia moja ambayo kila mtumiaji na kila anayemhudumia mgonjwa nyumbani lazima aijue: hazichagui sana cha kukamata. Zikimezwa pamoja na dawa nyengine, zinaweza kuifunga dawa hiyo na kutoka nayo chooni, na mgonjwa akabaki anadhani amekunywa dawa zake zote.

Makala hii inaeleza zinavyofanya kazi, nani anazihitaji, na vipi zipangwe, khasa katika mwezi wa Ramadhwaan.

Nyongo inatokana na nini?

Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli, kutengenezea baadhi ya homoni, na kutengenezea nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, khasa kwenye ini, na si yote inayotokana na chakula. Ndiyo maana anaonekana mtu mwembamba, asiyegusa samli, naye kolesteroli yake iko juu.

Ini huchukua kolesteroli na kuigeuza kuwa asidi za nyongo. Asidi hizi huhifadhiwa kwenye kifuko cha nyongo. Tunapokula biriani, maandazi au samaki wa kukaanga, nyongo humwagwa kwenye utumbo ikafanya kazi kama sabuni: inayavunja mafuta vipande vidogo ili mwili uweze kuyasaga na kuyafyonza.

Baada ya kazi hiyo, nyongo haitupwi. Inapofika mwisho wa utumbo mwembamba, karibu asilimia 95 ya asidi zake hufyonzwa tena na kurudi kwenye ini, zikangoja mlo mwengine. Mwili una gramu chache tu za asidi hizi, lakini huzungushwa mara nyingi kwa siku moja. Kinachopotea chooni ni kama nusu gramu kwa siku, na ini hutengeneza kiasi hicho hicho kufidia.

Mfano wake ni masahani ya shughuli. Nyumba yenye harusi haina masahani ya kumtosha kila mgeni kwa wakati mmoja. Wanaokula kwanza wakimaliza, masahani hukusanywa, huoshwa, na kupakuliwa tena kwa wanaofuata. Masahani machache yanahudumia watu wengi kwa sababu yanarudi jikoni.

Dawa inafanya nini?

Sasa chukulia kuna mtu mlangoni anayezuia masahani yasirudi jikoni. Mwenye shughuli atalazimika kutoa pesa yake mwenyewe akanunue masahani mapya. Hivyo ndivyo dawa hizi zinavyofanya.

Kolestiramini na dada zake ni chembechembe ambazo mwili hauwezi kuzisaga wala kuzifyonza. Zimetengenezwa zikiwa na chaji chanya, na asidi za nyongo zina chaji hasi, kwa hiyo zinapokutana utumboni hushikana. Zikishashikana, nyongo hiyo hairudi tena kwenye ini bali hutoka na haja kubwa. Ini linajikuta limepungukiwa, na linalazimika kuchukua kolesteroli nyengine kutengenezea nyongo mpya.

Hiyo kolesteroli inatoka wapi? Ini huongeza milango yake ya kupokelea kolesteroli mbaya, yaani LDL, kutoka kwenye damu. Kila milango inapoongezeka, LDL inayozunguka kwenye mishipa hupungua. Wanasayansi wa Marekani Michael Brown na Joseph Goldstein ndio waliogundua milango hiyo na kueleza namna inavyofanya kazi, na walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kwa hiyo dawa hii inapunguza kolesteroli ya kwenye damu bila ya yenyewe kuingia kwenye damu. Inaingia mdomoni na kutoka upande wa pili, na kazi yake yote inafanyika utumboni. Kutegemea kipimo, LDL hushuka kwa takriban asilimia 15 hadi 30.

Je, kuna ushahidi kwamba inaokoa moyo?

Upo. Mwaka 1984 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Amerika ya Kaskazini kwa wanaume 3,806 wenye kolesteroli ya juu. Nusu walipewa kolestiramini na nusu walipewa unga usio na dawa, na walifuatiliwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 7. Waliopewa dawa walipata mshituko wa moyo au kufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 19. Kwa upande wa vifo vyote kwa jumla, tofauti baina ya makundi mawili haikuwa kubwa. Hata hivyo utafiti ule ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo ulio wazi kwamba kushusha kolesteroli kunapunguza maradhi ya moyo.

Miaka michache baadaye zikaja statini, ambazo zinazuia ini kutengeneza kolesteroli. Statini zina nguvu zaidi, ni rahisi kumeza, na ushahidi wake ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana leo daktari, awe Mnazi Mmoja, Muhimbili au Ifakara, kwa kawaida huanza na statini. Basi asitokee mtu akaacha statini aliyoandikiwa kwa sababu tu amepata unga kutoka Muscat.

Nani anapewa dawa hizi?

Kwanza ni yule ambaye statini peke yake haikutosha kushusha LDL yake, au statini inamletea madhara asiyoyaweza. Dawa mbili zikitumika pamoja zinasaidiana: moja inazuia utengenezaji, nyengine inaongeza matumizi.

Pili ni baadhi ya kina mama wajawazito, au wanaotaka kushika mimba, ambao kolesteroli yao iko juu sana. Statini kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito. Dawa ya kukamata nyongo haiingii kwenye damu ya mama, kwa hiyo daktari anaweza kuichagua, huku akiangalia vitamini zake.

Tatu ni wale waliozaliwa na kolesteroli ya juu ya kurithi. Haya ni maradhi ambayo familia zetu zinapaswa kuyajua. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuyarithi. Dalili yake kubwa ni historia ya ukoo: baba, ami au kaka aliyepata mshituko wa moyo akiwa bado kijana au mtu wa makamo. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, jambo ambalo uwezekano wake huongezeka jamaa wa damu wanapooana, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kupata aina kali sana inayoharibu mishipa tangu utotoni. Palipo na msiba wa namna hii kwenye ukoo, wapimwe wote, watoto pamoja nao, hata kama wanajiona wazima.

Dawa hizi pia hutumika kwa mambo mengine, kama vile muwasho wa mwili unaosababishwa na nyongo kuziba kwenye ini, na kuharisha kunakotokana na nyongo. Kolesevelamu inapunguza kidogo na sukari kwa wenye kisukari cha ukubwani. Kwa hiyo usishangae wagonjwa wawili wakipewa unga mmoja kwa sababu mbili tofauti.

Nani hapaswi kuzitumia?

Kabla ya kuanza, ni lazima kipimwe kitu kinachoitwa trigliseridi, nacho ni aina nyengine ya mafuta ya kwenye damu. Dawa hizi zinashusha LDL lakini zinaweza kupandisha trigliseridi. Mtu ambaye trigliseridi zake zimezidi miligramu 500 kwa desilita, yaani kama 5.6 kwa kipimo cha milimoli, hatakiwi kutumia kolesevelamu, na hata kolestiramini haimfai. Trigliseridi zikipanda sana zinaweza kuleta uvimbe wa kongosho, nao ni maradhi ya kuua. Wenye kisukari ndio mara nyingi wenye trigliseridi za juu, basi wawe waangalifu zaidi.

Vilevile hazifai kwa mwenye utumbo ulioziba au mwenye kufunga choo vibaya. Madhara yake makubwa ni hayo hayo: kufunga choo, tumbo kujaa gesi na kuuma. Mwenye bawasiri atateseka zaidi.

Hatari kubwa: dawa inayokamata dawa

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chembechembe zile zile zinazokamata nyongo zinaweza kukamata dawa hizi:

- Levothairoksini, ya wenye upungufu wa homoni ya koo.
- Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, khasa kwa waliobadilishiwa milango ya moyo.
- Dijoksini, ya moyo.
- Baadhi ya dawa za shindikizo la damu, zikiwemo za kukojoza.
- Baadhi ya dawa za sukari kama glibenklamaidi.
- Vidonge vya uzazi wa mpango.
- Statini zenyewe.

Fikiria mama aliyebadilishiwa mlango wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na anakunywa warfarini kila siku. Akianza kunywa unga huu pamoja na warfarini, dawa haitafika kwenye damu kwa kiwango kinachotakiwa, na donge la damu linaweza kuganda kwenye mlango wake. Naye hakukosa hata kidonge kimoja.

Kanuni ya kolestiramini ni hii: dawa nyengine zinywewe angalau saa moja kabla ya unga, au masaa 4 hadi 6 baada yake. Kwa kolesevelamu, dawa kadhaa zinatakiwa zitangulie kwa masaa 4. Ukianza au ukiacha dawa hizi huku unatumia warfarini, mwambie daktari ili damu ipimwe upya.

Pia zinapunguza ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K. Mtumiaji wa muda mrefu akiona fizi zinatoa damu au anavilia damu bila ya kugongwa, asingoje, aende hospitali.

Anayeishi mbali na hospitali

Kwa aliye Unguja mjini, kosa linaweza kugunduliwa mapema kwa sababu maabara iko karibu. Kwa jamaa yetu aliyeko Uchindile mambo ni tofauti. Hospitali kubwa ya bonde la Kilombero ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na ni lazima ateremke kutoka milimani kuifikia. Ifakara ni mji wenye historia kubwa ya tiba. Maabara ya utafiti iliyoanzishwa pale mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy ndiyo iliyokua na kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Lakini utaalamu wa Ifakara hauwezi kumsaidia aliye kileleni na kopo la unga mkononi ikiwa hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani nyengine.

Kwa hiyo kabla ya kumtumia jamaa yako dawa hii, fanya mambo matatu. Hakikisha ameandikiwa na daktari anayejua kipimo chake cha trigliseridi. Muulize orodha ya dawa zake zote, pamoja na za miti shamba. Kisha mwandikie kwa Kiswahili, juu ya kopo lenyewe, saa ya kunywa unga na saa ya kunywa dawa nyengine. Kama hayo hayawezekani, ni salama zaidi abaki na dawa inayopatikana kwenye hospitali aliyo karibu nayo.

Je, imetengenezwa kwa nyongo ya mnyama?

Hapana. Jina linawababaisha watu. Kolestiramini haina nyongo ya mnyama yeyote. Ni utomvu wa kutengenezwa kiwandani, wa jamii ya plastiki, unaofanana na ule unaotumika kwenye mitambo ya kusafishia maji. Kinachobadilika baina ya kiwanda na kiwanda ni viungo vya ladha na utamu, basi soma karatasi ya dawa au muulize mfamasia. Mwenye kubaki na shaka juu ya kiungo maalumu awaulize Wanachuoni akiwa na jina la kiungo chenyewe, si kwa kusikia tu.

Na isichanganywe na dawa za mitaani zinazouzwa kwa jina la "kusafisha nyongo". Kutapika maji ya kijani hakushushi kolesteroli, na kunaweza kumpotezea mgonjwa maji na chumvi mwilini.

Mpango wa Ramadhwaan

Shari'ah imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na daktari muaminifu ndiye wa kumshauri kama funga itamdhuru. Kwa wengi wenye kolesteroli peke yake, funga inawezekana. Tatizo ni ratiba. Visiwani kwetu usiku wa Ramadhwaan, kutoka Maghrib hadi Alfajiri, ni kama masaa 10 hadi 11, na ndani yake lazima viingie futari, chakula cha usiku, daku, unga na dawa nyengine zote.

Unga hufanya kazi vizuri ukinywewa pamoja na chakula, kwa sababu hapo ndipo nyongo inapomwagika. Kwa anayetumia kolestiramini mara moja kwa siku, mpangilio unaoweza kujadiliwa na daktari ni huu:

- Maghrib: tende, maji, futari, na dawa nyengine za jioni.
- Saa 3 usiku, baada ya Tarawehe: chakula kikubwa pamoja na unga.
- Saa 10 alfajiri: daku na dawa za asubuhi. Hapo yameshapita masaa 7 tangu unga.

Mwenye dawa ya homoni ya koo, ambayo hunywewa tumbo likiwa tupu, aamke mapema, kwenye saa 9 usiku, anywe, kisha asubiri nusu saa hadi saa moja ndipo ale daku. Anayetumia kolesevelamu, au anayetakiwa kunywa unga mara mbili kwa siku, asifuate mpangilio huu bila ya kupangiwa upya.

Unga usimezwe mkavu kabisa, kwani unaweza kukaba koo. Ukorogwe kwenye maji, juisi au uji mwepesi, na gilasi isuuzwe na kunywewa tena ili dawa isibaki. Kwa kuwa funga yenyewe hupunguza maji mwilini, kufunga choo kunakuwa rahisi zaidi, basi maji yanywewe kwa wingi baina ya futari na daku. Tumbo likiuma sana, ukitapika na choo kikasimama, acha unga na uende hospitali mara moja.

Chakula kinachofanya kazi kama hiyo

Vyakula vyenye nyuzinyuzi laini navyo hukamata sehemu ya nyongo utumboni, ingawa kwa nguvu ndogo. Maharage, kunde, choroko, bamia, shayiri na matunda ni katika hivyo. Bakuli la kunde wakati wa futari, badala ya sambusa za kukaanga kila siku, ni msaada wa kweli kwa moyo. Halichukui nafasi ya dawa, lakini linaisaidia.

La kufanya leo ni jepesi. Fungua kabati la dawa nyumbani, angalia kama kuna pakiti au kopo lenye moja ya majina matatu tuliyoyataja, na muulize anayeitumia anainywa saa ngapi na pamoja na nini. Kama anakunywa zote kwa pamoja, asiache ghafla dawa yoyote, bali azichukue zote ndani ya mfuko mmoja na kuzipeleka kwa daktari au mfamasia kabla ya Ramadhwaan kuingia, in shaa Allaah.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu walioko visiwani, bara na ughaibuni.

Wa-Allaahu A'lam.